Kura Kwanza, Kuta Baadaye

Ukuta wa nje wa jengo la fleti hauna mwenyewe mmoja. Aliyenunua fleti ya ghorofa ya tatu ana hati ya vyumba vyake, lakini matofali ya nje, paa, ngazi na mabomba ya chini ni mali ya wote. Akitaka kupaka rangi sebule yake, anapaka kesho. Akitaka ukuta wa nje uzibwe baridi isipenye, itambidi awashawishi majirani hamsini au sitini: mjane anayeishi kwa pensheni, kijana ambaye bado ana mkopo mbichi wa benki, mmiliki anayepangisha na ambaye hajakanyaga pale kwa miaka, na mzee anayesema amekaa humo tangu jengo lilipofunguliwa na baridi haijamuua.

Hapo ndipo ukarabati wa kuokoa nishati unapokwama katika miji mingi ya Ulaya. Vifaa vipo, mafundi wapo, na hesabu ya faida inajulikana. Majengo hutumia takriban asilimia 40 ya nishati yote katika Umoja wa Ulaya, lakini yanayokarabatiwa ili yatumie nishati kidogo ni takriban asilimia 1 tu kwa mwaka. Kwa sababu hiyo miji na serikali kadhaa zimeanzisha vituo vya msaada karibu na wakazi. Mwenye fleti anaingia humo bila kulipa kiingilio, anakutana na mshauri asiyeuza madirisha wala boila, na jengo lake husindikizwa kutoka swali la kwanza hadi siku mkandarasi anapokabidhi kazi. Washauri hao wanafahamu ujenzi, lakini sehemu kubwa ya muda wao huishia kwenye mikutano ya majirani.

Mfano ulio wazi zaidi uko Tartu, mji wa pili kwa ukubwa nchini Estonia. Nchi hiyo ina watu takriban milioni 1.3, wengi wao wakiishi kwenye fleti, na sehemu kubwa ya fleti hizo ilijengwa enzi za Usovieti, kuanzia miaka ya 1960. Kiongozi wa Usovieti, Nikita Khrushchev, alitaka familia nyingi zipate makazi haraka na kwa bei ndogo, kwa hiyo zikainuliwa ghorofa tano tano za matofali au za zege, bila lifti, zikifanana kutoka Tallinn, mji mkuu wa Estonia, hadi Vladivostok, mashariki ya mbali ya Urusi. Msomaji aliyewahi kupita Michenzani, Zanzibar, ana picha ya karibu akilini. Majumba yale marefu yalitokana na mpango wa mji wa 1968 uliochorwa na mtaalamu kutoka Ujerumani Mashariki, na fleti za Kikwajuni na Kilimani zilijengwa kwa msaada wa nchi hiyo hiyo. Fikra ilikuwa moja pande zote mbili: nyumba ya kisasa kwa mtu wa kawaida, kwa wingi na kwa mkupuo.

Tofauti ni baridi. Januari ya Tartu hushuka mara kwa mara hadi nyuzi kumi na zaidi chini ya sifuri. Wajenzi wa wakati ule hawakujisumbua na unene wa kuta kwa sababu mafuta na gesi vilikuwa rahisi. Maji ya moto yalisukumwa kwa mabomba kutoka kituo cha mji, yakapita kwenye redieta za kila fleti kwa zamu, na mkazi hakuwa na namna ya kuyapunguza. Aliyekaa karibu na mwanzo wa bomba alifungua dirisha katikati ya theluji kwa kuzidiwa na joto, na aliyekaa mwisho wa bomba alilala na sweta.

Estonia ilipopata tena uhuru wake mwaka 1991, fleti hizo zikagawiwa kwa wakazi kwa utaratibu wa vocha. Leo zaidi ya kaya nane katika kila kumi zinamiliki nyumba zinamoishi. Ni jambo jema, lakini lilikuja na mzigo ambao wengi hawakuuona siku walipopokea hati. Dola iliyokuwa ikitengeneza paa ilijitoa, bei ya joto ikapanda, na kila jengo likabaki na wamiliki kadhaa ambao hawakuwahi kuulizwa kama wanaweza kuliendesha pamoja.

Jibu la Waestonia lilikuwa chama cha wenye fleti, kimoja kwa kila jengo. Vilianza kwa hiari, na tangu tarehe 1 Januari 2018 sheria inakitambua chama hicho katika kila jengo lenye wamiliki wengi, watake wasitake. Kina mwenyekiti, akaunti ya benki na mamlaka ya kukopa. Hapa pana jambo la kuzingatia, kwa kuwa ndilo lililofungua mlango wa benki: mkopo wa ukarabati huchukuliwa na chama, na fleti ya mtu haiwekwi rehani. Deni hugawanywa kwa ukubwa wa kila fleti na kuingizwa kwenye bili ya mwezi, pamoja na maji na takataka, kwa muda unaoweza kufika miaka 20. Anayeuza fleti yake katikati huondoka, na mnunuzi huendelea kulipa pale alipoachia. Mjane wa pensheni, ambaye hakuna benki ingemkopesha peke yake, anakopa ndani ya kundi.

Mwaka 2010 serikali kupitia mfuko wake wa KredEx ilianza kutoa ruzuku kwa vyama hivyo: asilimia 15, 25 au 35 ya gharama, kulingana na nishati ambayo jengo lingeokoa. Sehemu ya fedha ilitoka mahali pasipotarajiwa. Estonia ilikuwa na akiba kubwa ya haki za kutoa hewa ukaa, kwa kuwa viwanda vingi vya Kisovieti vilikuwa vimefungwa, ikaiuzia Luxembourg sehemu ya haki hizo na mapato yakaingia kwenye kuta za wananchi. Katika miaka mitano majengo zaidi kidogo ya 660 yalikarabatiwa.

Yakafuata mafunzo ambayo yangepaswa kusomwa na kila mji unaofikiria kazi ya aina hii. Nyumba za zamani zilipumua kupitia nyufa. Hewa chafu ilitoka jikoni na bafuni kwa tundu la ukutani, na hewa safi iliingia pembeni mwa madirisha ya mbao yaliyolegea. Wakazi walikuwa wameanza kubadilisha madirisha hayo, kila mtu kwa fedha zake, wakaweka ya plastiki yanayobana kabisa. Joto likabaki ndani, na unyevu nao ukabaki. Kuvu jeusi likaota kwenye pembe za vyumba vya kulala, kwa sababu mvuke wa kuoga, kupika na kupumua ulikutana na ukuta ambao bado ulikuwa baridi. Kwa kuziba dirisha na kuuacha ukuta, mtu alikuwa amejitengenezea ugonjwa. Hata baadhi ya majengo yaliyopata ruzuku za mwanzo yalipopimwa na watafiti wa chuo kikuu cha teknolojia cha Tallinn, hewa ya vyumba vya kulala usiku ilionekana kuwa nzito kuliko inavyoruhusiwa.

Suluhisho linajulikana: kupitisha mabomba ya hewa safi ndani ya tabaka jipya la kuzuia baridi linalobandikwa ukutani kwa nje, na kuweka mtambo unaochukua joto la hewa inayotoka na kuipa joto hilo hewa inayoingia. Kwa mhandisi hiyo ni kazi ya kawaida. Lakini mwenyekiti wa chama ni mkazi tu aliyekubali kubeba funguo na daftari, na atajuaje kama zabuni ya bei nafuu iliyo mbele yake imeacha uingizaji hewa makusudi? Atajuaje kama tabaka la unene wa sentimita 10 linatosha, au anapunjwa? Kuanzia mwaka 2015 masharti ya ruzuku yalibadilika. Uingizaji hewa ulipewa uzito mkubwa zaidi, na kila chama kikatakiwa kuwa na mshauri wa kiufundi anayekisaidia kuomba fedha, kutangaza zabuni na kuwasimamia mafundi hadi mwisho. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, huyo mtu mmoja ameokoa fedha nyingi kuliko aina yoyote ya povu au pamba ya madini.

Tartu ikaenda hatua zaidi. Tangu 2009 mji huo una shirika lake la nishati la kanda, taasisi ndogo isiyotafuta faida ambayo kazi yake ni ushauri. Mwaka 2016, chini ya mradi wa Umoja wa Ulaya uitwao SmartEnCity, manispaa, shirika hilo, chuo kikuu cha mji na kampuni ya joto walichagua eneo la katikati lenye ghorofa za Khrushchev, na wakaahidi kuyageuza kabisa majengo yatakayokubali. Lengo lilikuwa kushusha matumizi kutoka kilowati-saa 270 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka hadi 90. Kilowati-saa moja ndiyo ile yuniti moja anayoinunua mtumiaji wa LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, nchini Tanzania. Fleti ya mita za mraba 50, kwa hiyo, ilikuwa ikila yuniti 13,500 kwa mwaka, na ilitakiwa ishuke hadi 4,500.

Majengo hayakulazimishwa. Kila chama kiliitisha mkutano na kupiga kura, na ilihitajika zaidi ya nusu ya wamiliki waseme ndiyo. Washauri walikaa kwenye mikutano hiyo wakijibu maswali yanayojirudia kila jengo. Bili itapanda kiasi gani? Vumbi litakaa miezi mingapi? Balkoni yangu niliyoifunika kwa vioo itabomolewa? Kwa nini mtoto wa fulani hakubali na sisi tunamsubiri? Hesabu iliyowekwa mezani ilikuwa na safu mbili, bili ya joto ya sasa kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili bili mpya ikijumlishwa na mkopo. Mara nyingi jumla mbili hizo zilikaribiana. Mkazi hakuahidiwa utajiri. Aliambiwa kwamba atalipa karibu kile kile, na badala yake atapata nyumba yenye joto sawa katika kila chumba, hewa safi, na jengo ambalo halitamwangukia mjukuu wake.

Majengo zaidi ya 15 yalikubali. Yalipata kuta mpya, paneli za sola juu ya paa, redieta zenye vali ambazo kila mtu anajipangia mwenyewe, na michoro mikubwa ya wasanii kwenye kuta za kando. Michoro hiyo si pambo la bure. Mtu aliyechoka na kelele za mafundi kwa mwaka mzima anastahili kuona kitu cha kujivunia anaporudi kutoka dukani, na jengo la jirani ambalo bado linasitasita linaona pia.

Mradi huo huo ulikuwa na mji mwingine, Vitoria-Gasteiz, kaskazini mwa Hispania. Huko, katika mtaa wa wafanyakazi uitwao Coronación, lengo lilikuwa fleti 750, na ruzuku ilikuwa nono. Waliokubali hawakufika nusu. Ufadhili ulitoka Umoja wa Ulaya kwa miji yote miwili na mbinu za kuhami kuta zilikuwa za aina moja. Ila Tartu ilikuwa na vyama vilivyokwishazoea kukopa na kujenga, na majengo ya mfano ambayo mtu angeweza kuyatembelea kwa miguu, huku Coronación ikianza karibu na mwanzo kabisa, ngazi kwa ngazi.

Walithuania, wenzao wa Waestonia katika eneo la Baltiki, walikabili woga wa kukopa kwa njia nyingine. Kwa miaka mingi wamiliki wa Lithuania walikataa kabisa kukopa, na ukarabati ulisuasua. Kuanzia mwaka 2013 manispaa zikapewa jukumu la kuchagua majengo yanayopoteza joto zaidi na kuteua msimamizi anayeandaa mpango, anayechukua mkopo kwa jina lake na anayekusanya malipo kidogo kidogo kutoka kwa wakazi. Kaya maskini zinazopata msaada wa serikali kwa bili ya joto hulipiwa na serikali sehemu yao ya mkopo. Wakazi bado hupiga kura, lakini hawasaini deni. Idadi ya miradi ilipanda mara moja. Bulgaria nayo ilichukua njia fupi zaidi mwaka 2015, serikali ikalipa asilimia 100. Majengo takriban 2,000 yalipata kuta mpya, kisha fedha zikaisha, na maelfu ya majengo mengine yakabaki yakisubiri zawadi ya aina ile ile badala ya kuanza kuweka akiba.

Ufaransa ina mtandao mkubwa wa vituo vya namna hii, na sheria zake ni ngumu kiasi kwamba vituo hivyo havina budi kuwapo. Grenoble, mji uliozungukwa na milima ya Alps, ulifungua wakala wake wa nishati mwaka 1998, na mwaka 2010 ukaanzisha kampeni iitwayo Mur|Mur iliyolenga majengo ya baina ya 1945 na 1975, yale yaliyojengwa haraka baada ya vita. Paris ina wakala wake wa aina hiyo, Agence Parisienne du Climat, tangu 2011. Tangu Januari 2022 ofisi za nchi nzima zinafanya kazi chini ya jina moja la France Rénov', na ushauri wake ni bure.

Mshauri wa Paris anaanza na jambo ambalo wamiliki wengi hawalijui: namna kura inavyohesabiwa. Chini ya sheria ya 1965 ya majengo ya wamiliki wengi, kura ya kila mtu ina uzito wa ukubwa wa sehemu yake katika jengo. Kazi za kuokoa nishati zinahitaji wingi wa kura za wamiliki wote, waliohudhuria na wasiohudhuria. Asiyekuja amehesabiwa, kwa vitendo, kama aliyekataa. Jengo lenye nusu ya wamiliki wanaoishi kwingine linaweza kushindwa kubadilisha boila bila hata mtu mmoja kupinga. Kwa bahati, sheria imeacha upenyo: pendekezo likipata angalau theluthi moja ya kura zote, mkutano unaweza kupiga kura ya pili papo hapo, na safari hii wanahesabiwa waliopo na waliowakilishwa tu. Wanaojua upenyo huo hukusanya barua za uwakilishi wiki kadhaa kabla ya mkutano. Wasiojua hurudi nyumbani kusubiri mwaka mwingine, kwa kuwa mkutano mkuu kwa kawaida ni mmoja kwa mwaka.

Ndipo zinakuja fedha. Ruzuku ya MaPrimeRénov' kwa majengo ya fleti ilianza mwaka 2021. Kwa masharti ya mwaka 2024, jengo lililopunguza matumizi kwa asilimia 35 lililipiwa asilimia 30 ya gharama, na lililofika asilimia 50 lililipiwa 45, kwa gharama zisizozidi euro 25,000 kwa kila fleti. Wenye kipato kidogo waliongezewa. Kulikuwa na mkopo usio na riba pia, na ruzuku za mji juu yake. Kila fungu lina fomu yake na tarehe yake, na kuanza kazi kabla ya kibali kunaweza kulifuta lote. Meneja wa jengo anayelipwa kusimamia usafi na bili hana muda wa kuyafuatilia haya kwa makumi ya majengo aliyonayo. Kituo kinao.

Shinikizo limeongezeka kwa upande wa wapangishaji. Tangu tarehe 1 Januari 2025 fleti ya Ufaransa yenye daraja la G, la mwisho kabisa kwa upotevu wa nishati, haipaswi kupangishwa kwa mkataba mpya. Daraja la F litafuata 2028, na E mwaka 2034. Mmiliki wa mbali aliyekuwa hafungui barua za mkutano sasa anazifungua. Mpangaji hana kura katika mkutano huo, ingawa kuvu linaota ukutani mwake na bili ya joto inatoka mfukoni mwake. Vituo vingi humpokea na kumweleza haki zake, lakini kura haviwezi kumpa.

Kuna pengo lingine ambalo ushauri pekee hauzibi. Mashariki mwa Estonia, katika mkoa wa Ida-Viru uliotegemea migodi, watu wamehama na fleti zimeshuka bei kiasi kwamba ukarabati wa jengo unaweza kugharimu zaidi ya thamani ya jengo lenyewe sokoni. Benki husita, hata chama kikiwa kimepiga kura kwa kauli moja. Serikali ilirekebisha ruzuku ili maeneo yenye bei ndogo yapate asilimia kubwa kuliko Tallinn na Tartu, na imekuwa ikiongeza dhamana za mikopo. Wanaoishi huko ni wazee zaidi, kwa hiyo haki inadai waanze kuhudumiwa wao.

Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha maelekezo mapya ya ufanisi wa nishati katika majengo, na safari hii vituo vya msaada vimeandikwa ndani ya sheria. Kila nchi mwanachama inatakiwa kuwa navyo vya kutosha, na kipimo kimojawapo kilichotajwa ni kituo kimoja kwa kila wakazi 80,000. Kingine ni kwamba mkazi asisafiri zaidi ya dakika 90 kwa wastani kukifikia. Kuweka meza na bango ni rahisi. Kupata mtu anayeweza kusoma ramani ya mabomba asubuhi, kujaza fomu za benki mchana, na jioni kukaa saa tatu kwenye chumba cha chini cha jengo akiwasikiliza majirani wasiosalimiana, hilo ni shida, na Estonia yenyewe bado inawatafuta.

Nchi hiyo imejiwekea lengo la kukarabati majengo 14,000 ya fleti ifikapo 2050. Ukigawanya kwa miaka 30 tangu mpango ulipotolewa, ni zaidi ya majengo 460 kila mwaka, wakati ile miaka mitano ya mwanzo ya ruzuku ilitoa wastani wa takriban 130. Vikosi vya mafundi vinaweza kuongezwa, na viwanda vya Estonia vimeanza kutengeneza kuta nzima za mbao, zikiwa na madirisha na mabomba ya hewa tayari ndani yake, zinazobebwa kwa lori na kubandikwa juu ya ukuta wa zamani kwa winchi. Bweni la wanafunzi la chuo kikuu cha teknolojia cha Tallinn lilivishwa hivyo wakati wa majaribio. Kwa njia hiyo kazi ya miezi inaweza kuwa ya wiki. Lori hilo haliondoki kiwandani, hata hivyo, kabla chama cha wenye fleti hakijaitisha mkutano, hakijahesabu kura na hakijasaini muhtasari.